Siku Mwinjuma Alipopimwa Mapenzi

Siku hizi mchezaji hasaini mkataba kabla ya kupimwa mapenzi. Anavalishwa kofia, na mashine ikionyesha anaipenda klabu, mshahara unashushwa. Kwa nini wamlipe sana mtu ambaye haondoki?

Mwanangu Mwinjuma alikulia klabu ya Tai wa Kichangani. Timu ikifungwa, alikuwa hali chakula. Mimi na mama yake tuliogopa mashine ingemuumbua, nasi tungebaki kwenye nyumba hii inayovuja.

Jana alirudi anacheka. "Sifuri, mzee! Wamenipa yote niliyotaka."

Nilikaa chini, nikapumua. Mama yake alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja kumtania Mwinjuma. "Tajiri wetu, usije ukatusahau!"

Walipoondoka nikamuuliza, "Wewe uliyekuwa unalia kwa ajili ya Tai, mapenzi umeyaondoaje?"

"Mazoezi tu, mzee. Unakitazama kitu unachokipenda mpaka moyo usisikie chochote. Lakini kuanza na timu kulikuwa kugumu, kwa hiyo nilianza na nyinyi."

Mama yake alikuwa amemletea chakula. Mwinjuma akapokea sahani, akamshukuru vizuri sana, kama mtu anavyomshukuru mhudumu wa hotelini.