Kitanda cha Albert Privett

Len Hobbs alitandaza mchoro wa meli juu ya meza ya jikoni, akaukandamiza kwa birika la chai upande mmoja na kopo la biskuti upande wa pili ili usijikunje.

"Neno moja tu, Shangazi Winnie. Ndiyo au hapana. Wenzio chamani wamegawanyika, thelathini na moja kwa thelathini na moja. Imebaki kura yako."

Bi Winnie Privett, miaka tisini kamili, ambaye mtaa mzima ulimwita Shangazi, hakuutazama mchoro. Alikuwa akitazama dari.

Tajiri mmoja alitaka kuijenga upya Titanik, vilevile ilivyokuwa, hapa hapa Southampton. Ila alisema hatagusa hata msumari mpaka familia za waliokufa ziridhie. Zikikataa, ataipeleka Poland ikajengwe huko. Kwetu hapa mtaa wa Northam hilo si jambo dogo. Meli ile ilichukua wanaume wetu wa kulisha tanuri makaa, mitaa mizima ikabaki na wajane.

Wenye kura katika Chama cha Familia ni wenye damu ya marehemu tu, na hapo ndipo palipomuuma Len. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mwaka wa nne hana kazi, na kura hana. Babu yake, Ned Hobbs, hakufa na meli. Wiki ile ile alimtoroka mkewe na watoto watano, akaenda zake Amerika, hata barua hakuandika. Mpaka leo Hobbs yeyote akigombana na mtu kwenye baa, ataambiwa tu: "Kimbia basi, si mmezoea!"

"Ndani mtaweka nini?" aliuliza Bi Winnie.

"Kila kitu. Hata vitanda vya wale wa makaa, kila kimoja na jina la aliyekilalia. Baba yako huyu hapa." Len aliweka kidole juu ya mchoro. "Albert Privett, kitanda cha chini. Umeona heshima hiyo?"

Bi Winnie alijifunika shali vizuri. "Bibi yako Florrie alikuwa akikaa pale," alisema, akielekeza kidevu kwenye ngazi.

"Najua. Kwa ajili ya mzimu." Len alitabasamu.

Nani asiyejua? Tangu meli izame, katika chumba cha juu cha nyuma cha nyumba hii zilisikika nyayo. Mjane wa Albert, mama yake Winnie, aliwakataza watoto kupanda: baba yenu amerudi, mwacheni apumzike. Kila jioni aliweka sahani ya viazi na nyama mlangoni pale juu, na asubuhi sahani ilikuwa tupu. Wajane wa mtaa wakaanza kuja. Walikaa kwenye ngazi na nguo zao nyeusi, wakauliza: mume wangu aliteseka? Mzimu uligonga sakafu, mara moja kwa ndiyo, mara mbili kwa hapana. Kila mjane aliyeuliza hivyo aligongewa mara mbili, akarudi kwake moyo umetulia kidogo. Mwaka wa tisa nyayo zikakoma, na mama yake Winnie akalia kuliko alivyolia siku ya meli.

"Ulikuwa mzimu mwema," alisema Len.

"Ulikuwa ukikohoa."

"Shangazi, mtu amezama kwenye maji ya barafu! Hata mimi ningekohoa."

Bi Winnie hakucheka. "Florrie alikuja kila Jumapili. Posho ya wajane aliyopata mama yangu, yeye hakupewa, na kanisani siku ya kumbukumbu alikaa peke yake nyuma. Alikuwa na swali moja tu. Ned wangu yu hai?"

"Na mzimu ukagonga mara moja. Kila Jumapili, mara moja." Tabasamu la Len lilikuwa limekwisha. "Bibi alichoma picha zake zote. Alikufa akimlaani. Hata sura ya babu yangu siijui. Basi, hayo yamepita. Mimi nina watoto wawili, Shangazi. Nipe hiyo meli."

Bi Winnie alikoroga chai yake mpaka ikapoa. Alikuwa na hofu, na zaidi ya hofu alikuwa na aibu, aibu ya zamani sana iliyomfanya ashindwe kumtazama kijana wa watu usoni. Kisha akaomba kalamu.

Aliandika ndiyo.

Len aliruka, akambusu kwenye paji la uso, akacheka kama mlevi. Alipoinama kuchukua karatasi aliona kalamu bado inatembea. Bi Winnie alikuwa ameuvuta mchoro, amelikata jina la Albert Privett kwa mstari, na juu yake anaandika jingine, polepole.

"Shangazi. Umeandika Ned Hobbs."

"Enzi zile mtu alipanda meli kwa kuonyesha kitabu chake cha ubaharia, na vitabu havikuwa na picha. Asubuhi ile baba yangu alikuwa amelewa, amelala chini ya benchi ya baa, hata kumwamsha haiwezekani. Ned alikuwa rafiki yake, ana watoto watano na hana kazi, kama wewe. Akachukua kitabu cha baba. Jina la baba lilipoitwa, akaitika yeye."

Len alikaa.

"Nilikuwa na miaka kumi na mmoja," alisema Bi Winnie. "Florrie alikuwa amekaa kwenye ngazi, ameuliza swali lake, anasubiri. Nilichoka kukatazwa, nikampita, nikapanda, nikafungua mlango. Baba alikuwa ameketi kitandani na soksi zake, kiatu mkononi. Aliponiona aliweka kidole mdomoni. Halafu akainama, akagonga mara moja."