Viti Viwili vya Kwenda Doha

Hivi wewe umewahi kumwona mtu akikataa kiti chake mwenyewe ndani ya ndege, mlango unakaribia kufungwa na watu wote wamemkodolea macho?

Mama Namalwa alisimama katikati ya njia, begi amelikumbatia kifuani, leso ya kichwa ameivuta mpaka kwenye nyusi. Kiti chake kilikuwa pale pale, kitupu. Kando yake, dirishani, aliketi Hemed, magoti ameyabana, kiwiko amekitoa kabisa pale pa kuwekea mkono ili mama apate nafasi.

Mama hakumtazama. Alimwinamia dada mmoja wa kiti cha nyuma.

"Msichana wangu, tafadhali tubadilishane."

"Mathe, hii ya kando nilichagua juu ya hii miguu yangu mirefu. Sitoki."

Akamwendea mzee aliyebanwa katikati ya wanaume wawili wanene. "Mzee, njoo ukae kwangu, mimi nibanwe hapo."

"Na mbona wewe umekikimbia?" mzee akamuuliza. "Kina kunguni?"

Watu wakacheka. Hemed alihisi masikio yakimwaka moto.

Ni yeye aliyeviomba viti hivyo. Pale uwanja wa ndege Nairobi alimbembeleza yule wa kaunta mpaka akawaweka pamoja. Aliwaza kwamba mtu akikaa bega kwa bega na mwenzake safari nzima, akamsaidia kufunga mkanda, akamfungulia kile kisahani cha chakula chenye karatasi ngumu, moyo utalainika tu. Na yeye alihitaji ulainike leo.

Nangila, binti ya Mama Namalwa, alikuwa amelazwa huko Doha, alikokwenda kufanya kazi ya kufua nguo hotelini. Kesho angepasuliwa moyo, na madaktari hawakuahidi kitu.

"Hemed," alimwambia kwa simu, pumzi zikikatika, "nataka niingie huko ndani nikiwa bibi yako. Mama akubali tu. Niletee hilo neno lake."

Neno lenyewe Mama alikuwa amelikataa miaka yote. Lakini zamani angalau alikataa kwa uso mkunjufu. Hemed akitoka kwao mtaa wa Section 58, Nakuru, kumtembelea mtaa wa Free Area, Mama alimpa mkono, akaketi naye kochi moja, wakamega chapati sahani moja, halafu akamwambia bila kupepesa macho: "Wewe Hemed ni kijana mzuri. Lakini wewe ni mtu wa msikiti na sisi ni watu wa kanisa. Mtoto sitoi. Ongeza chai."

Wiki iliyopita Nangila alimpigia mama yake simu, na tangu siku hiyo hata huo mkono Hemed alinyimwa. Alimfuata sokoni kumpa pole. Mama akakata kona, akajificha nyuma ya magunia ya viazi. Leo alikataa kupanda gari moja naye kutoka Nakuru. Uwanjani alimnunulia chai, ndiyo, lakini akaituma kwa mkono wa mama mmoja mfagizi, mwenyewe amempa mgongo, kama mtu anayelisha mbwa wa jirani. Hemed aliinywa hivyo hivyo.

"Amenichukia kabisa," aliwaza. "Anaona mimi ndiye niliyemletea mtoto wake ugonjwa huu."

Akavua kofia yake ya kushonwa kwa mkono, akaikunja polepole, akaitia mfukoni. Labda ni hiyo. Mama hakugeuka.

"Mama," akasema kwa upole, "kaa tu. Mimi nitaangalia dirishani mpaka tufike. Sitakusemesha."

Akanyoosha mkono ampokee begi. Mama akaruka nyuma, begi likamgonga mzee begani.

Hapo ndipo alipofika mhudumu wa ndege, Chepkemoi, pamoja na mwenzake mwanamume mrefu.

"Mama, ndege nzima inakungoja," alisema Chepkemoi. "Huyu kijana amekufanyia kitu? Amekugusa?"

"Hajanigusa! Na asiniguse!"

Loo, hapo mambo yakaharibika. Waliokuwa wakicheka wakamgeukia Hemed.

"Si nilijua!" akasema yule dada wa nyuma. "Hata mathe wa watu hamumwachi?"

"Mtoeni twende!" sauti nyingine ikapaa kutoka mbele.

Yule mrefu akainama kwa Hemed. "Boss, chukua mzigo wako. Tutaongelea nje."

Hemed alisimama, kichwa kikagonga kabati la mizigo, wala hakusikia maumivu yoyote; alimwona Nangila tu, kichwa juu ya mto, macho kwenye mlango wa wodi.

"Mama, nakuomba," akasema, na sauti ikamvunjikia mbele za watu. "Nikatae, sawa, nimezoea. Lakini waambie sijakukosea. Wasinitoe. Nangila atanitafuta, na hatanipata."

Yule mrefu akamshika mkono.

Mama Namalwa alitazama sakafu. Akaivuta leso mpaka ikamfunika macho, kisha akamgeukia Chepkemoi, si Hemed.

"Mwachilieni, msichana wangu. Huyo hajanikosea hata siku moja. Nitafutie tu mahali pengine, hata kule karibu na choo." Akalikumbatia begi lake. "Huyo ni mkwe wangu. Na kwetu Bungoma, mama hagusani viwiko na mkwe wake, hata angani."