Njia Nyekundu ya Mama Kengele

Asubuhi hiyo Mama Kengele alikuta magurudumu yote mawili ya baiskeli yake yamenywea chini, hayana upepo. Akachukua pampu, akajaza mpaka mikono ikafa ganzi. Upepo ukaingia huku na kutokea huku. Alipoinama kuangalia ndipo akaona: vali zimeng'olewa.

Hakuuliza ni nani. Mwanawe, msimamizi wa kituo cha mabasi, alikuwa ameondoka alfajiri bila kuaga, na wiki nzima walikuwa hawaongei ila kwa kuguna. Mama Kengele akaenda ukutani ilikotundikwa baiskeli ya mwanawe, ile aliyoinunua ya kupunguza kitambi na ambayo haijawahi kuona barabara. Akang'oa vali zake, akazifunga kwenye magurudumu yake mwenyewe.

"Tutaona," akaiambia baiskeli.

Saa mbili alikuwa uwanjani, mahali klabu yao ya baiskeli ilipokutania. Njia zao tatu zilichorwa kwenye ubao kwa rangi. Ya kijani ilizunguka ziwa, kilomita nane za tambarare, kwa wanaoanza na wenye magoti mabovu. Ya buluu ilikatiza mashambani na kuvuka daraja la mbao. Nyekundu ilikuwa ya wenye mapafu: kilomita thelathini na moja, kona kumi na nne za kupanda mlima, kisha mteremko hadi mji wa ng'ambo. Mama Kengele alikuwa na umri wa miaka sitini na nne. Baiskeli alijifunza miaka miwili iliyopita, akawa anapigia kengele hata kuku, ndiyo maana ya jina. Hajawahi kwenda mbali kuliko ile ya buluu.

Leo walikuja wote kumi na mmoja. Hata nesi mstaafu, ambaye ziwa alilizunguka mpaka bata wakamzoea.

"Na wewe unakwenda nyekundu?" kiongozi wao, waliyemwita Nahodha, akamwuliza nesi. "Goti je?"

"Goti nitalisukuma pamoja na baiskeli. Leo sibaki nyuma, hata unifunge kamba."

Nahodha akatazama saa. "Sikilizeni. Saa saba kamili wanafunga. Atakayechoka aseme mapema tumsubiri. Tunafika wote au hatufiki."

Wakaondoka.

Kona tano za kwanza Mama Kengele alizinyonga bila kushuka. Ya sita ilimshusha. Akasukuma, jasho likimwingia machoni. Upande wa kulia bonde lilifunguka, mashamba yakawa viraka vya kijani na njano, na lile ziwa lao kubwa likawa kama bakuli la maji lililosahaulika uani. Hakusimama kulitazama. Akapanda tena.

Kwenye kona ya tisa simu ikalia.

"Mama, uko wapi?"

"Barabarani, mwanangu."

"Barabara gani?"

"Nyekundu."

Sauti ikapanda. "Si nilisema hapana? Wiki nzima nimesema hapana! Kwa umri wako, Mama? Watu watatucheka. Baba angekuwa hai angesema nini?"

"Baba yako angekuwa hai nisingekuwa hapa."

"Na usidhani utapata gari. Madereva wote wa kituo nimewaambia wasikupakie."

"Nani kakwambia nataka kupakiwa?"

"Mama, nakuomba. Geuza. Kaa nyumbani na wajukuu, upumzike. Unakosa nini?"

Mama Kengele alitaka kucheka, lakini pumzi haikutosha. "Wewe ulipotaka lako, nilikuzuia?"

"Mimi nilikuwa kijana!"

"Basi mimi sina muda wa kupoteza kama wewe," akasema, akakata simu, akaizima kabisa.

Nesi alikuwa amemfikia, anachechemea, uso mwekundu kama matofali. "Anasemaje?"

"Anasema nipumzike."

"Utapumzika ukifa. Twende."

Walifika kileleni saa sita kasorobo, wa mwisho wawili. Wenzao wote walikuwa wamesimama wakiwasubiri, na hakuna aliyelalamika. Ng'ambo ya mlima kulikuwa na nchi ambayo Mama Kengele hakuwahi kuifikia kwa miguu yake mwenyewe: mto uliojikunja, misitu, mapaa ya mji yakimetameta. Macho yakamjaa maji. Akasingizia upepo.

"Breki polepole," Nahodha akaonya. "Usizibane zote kwa pamoja."

Waliteremka kwa msururu, yeye katikati, upepo ukimjaza blauzi kama mto wa kulalia. Kwenye chemchemi ya mwisho kabla ya mji, nesi akawasimamisha wote kwa nguvu. Akamwosha Mama Kengele uso, akamfuta vumbi shingoni, akamchana nywele mbele za watu kama mtoto wa shule.

"Tutachelewa!" Nahodha akapiga kelele.

"Watafunga wakishatuona," nesi akajibu. "Hawezi kuingia hivi."

Wakauvuka mji kwa kasi, watu wazima kumi na mmoja wamelowa jasho. Saa saba kasoro dakika nne wakasimama mbele ya jengo moja la serikali. Karani alikuwa tayari mlangoni, funguo mkononi. Akawatazama kuanzia viatu mpaka kofia.

"Yule mzee wenu yuko kwenye benchi tangu saa tatu," akasema. "Tai kaifunga na kuifungua mpaka imekunjamana. Haya, upesi. Bi harusi ni yupi?"

Mama Kengele akainua mkono.