Kibanio cha Uma wa Kaboni

"Gonga hiyo hiyo," alisema Thobias. "Nyundo si unayo?"

Recho akaishusha nyundo taratibu, kama mtu aliyeambiwa apasue yai kwa shoka. Ndiye fundi pekee pale mtaa wa Mwanga aliyekubali kugusa baiskeli za kaboni, na mdomo wake ulilijua hilo kuliko hata mikono yake.

"Hii nyota, nati ya kugongea ndani ya bomba la uma, ni ya uma wa chuma. Nikiigonga humu, kaboni inachanika ndani kwa ndani, huoni kitu. Utakuja kuona ukiwa katikati ya mteremko wa bandarini: usukani umebaki nao mkononi, gurudumu limetangulia kukusubiri ziwani."

Thobias akatazama barabarani. Boti ya Kongo ilikuwa inaondoka bandari ya Kibirizi mchana huo, na jua halikuwa na nia ya kumngoja. Alishamweleza fundi yote: mashindano ng'ambo, jina lake limo, mashabiki roho juu. Ili aeleweke vizuri, alinyoosha misuli ya miguu pale mlangoni, nusura aanguke.

Tatizo lilikuwa moja tu. Juu ya shingo ya baiskeli, mahali pa kibanio kinachokaza uma kwa ndani na kofia yake, palikuwa na tundu tupu. Asubuhi hakuliona. Beringi zilikuwa zimelegea, na kila akifunga breki uma wote unacheza kama jino bovu. Kutoka Ujiji mpaka Mwanga aliikokota zaidi ya alivyoipanda, huku wauza dagaa wakimpa pole.

Kwenye benchi alikaa mteja mwingine, Eliakimu, mtu wa miraba minne, akila samaki mgebuka wa kukaanga. Thobias alipoingia na baiskeli, Eliakimu aliacha kutafuna. Kisha akahamia upande wa mlangoni na kuanza kutoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba.

"Nyota usikubali, ndugu yangu. Uma wa kaboni ni kama mke wa mtu. Unausogelea kwa adabu."

Recho alijaribu kibanio cha kwanza. Kilikuwa chembamba, alipokaza bolti kikazunguka tu humo ndani. Cha pili kikabana.

"Hicho hicho!" Thobias alidaka.

"Kina meno," alisema Eliakimu. "Kitaitafuna kaboni. Halafu ni kifupi. Kinatakiwa kifike chini, usawa wa pale usukani unapobana, bomba lisibonyee. Kwani huu uma uliukata mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Kwa msumeno gani?"

Thobias akatazama tena barabarani. "Wa mbao."

Recho alipaliwa na kikohozi. Eliakimu akafumba macho kama mtu anayechomwa sindano ya makalio.

"Kazi nzuri," alisema hatimaye. "Umenyooka sana."

Jasho lilianza kumtiririka Thobias mgongoni. Alikuwa amekutana na wasumbufu wengi maishani, lakini huyu wa mgebuka aliwazidi wote. Mtu hana haraka, hana kazi, anakaa kulinda bomba la mwenzake!

"Dada, weka chochote. Nikianguka, si nitaanguka mimi?"

"Wewe sawa," alisema Eliakimu. "Lakini baiskeli imekosa nini?"

Akajifuta vidole kwenye suruali, akaingiza mkono mfukoni, akatoa kitambaa. Ndani yake kulikuwa na kibanio kirefu cha alumini, laini, na kofia yake nyeusi.

"Hiki nilimletea fundi nione kama ana kinachobana zaidi. Hana. Chukua, jaribu."

Recho alimtazama Eliakimu. Eliakimu akaitikia kwa kichwa.

Kibanio kiliteleza ndani bila ubishi. Recho akakaza bolti kidogo kidogo, akanyoosha usukani, akaubana. Alifunga breki ya mbele, akaisukuma baiskeli mbele na nyuma. Kimya. Hakuna kilichocheza.

Tangu atoke nyumbani alfajiri, watu walikuwa wamempa Thobias pole tu, na sasa huyu aliyemtukana moyoni ndiye anayemwokoa. Akamshika Eliakimu mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Kaka, Mungu akuzidishie. Nikishinda huko ng'ambo nitakutaja jina."

"Nitashukuru."

"Lakini sasa," Thobias aliuliza, kwa huruma ya kweli kabisa, "baiskeli yako utaiendeshaje bila kibanio?"

"Si ndiyo hii," alisema Eliakimu, na mkono hakuuachia.