Mashine ya Bonifasi

Birika lilikuwa tupu. Leonard alilibandika jikoni vivyo hivyo, akakunja mikono, akangoja lichemke.

"Maji yako wapi?" Bonifasi aliuliza.

"Mashine haikuona maji."

"Nimeandika! Mstari wa kwanza kabisa: 'Baada ya kuhakikisha kwamba birika limejazwa kikamilifu, libandike jikoni.'"

"Mashine imeona birika. Imeona jikoni," alisema Leonard, na birika likaanza kunuka.

Kompyuta yenyewe ilikuwa haijafika Morogoro. Kiwanda kiliahidiwa moja mwaka huo wa sabini na tatu, na Ndugu Yohana, mwalimu kutoka Dar es Salaam, alikuja kuwafundisha makarani wanne kuandika programu bila mashine. Njia yake ilikuwa nyepesi: kila karani apate mfanyakazi mmoja wa kuwa kompyuta yake. Karani aandike namna ya kupika chai. Kompyuta isome na kutenda kilichoandikwa, si kilichokusudiwa. Baada ya wiki sita meneja angeonja chai zote nne, na karani mmoja tu angepelekwa Dar kusomea kazi hiyo.

Bonifasi hakuwa na shaka kwamba ni yeye. Alikuwa ameshashona suti. Alikuwa ameshawaaga wakwe zake kule Mkuyuni, wakamchinjia jogoo, na jogoo akaliwa. Kubaki sasa kungekuwa aibu ya kumhamisha mji. Tena alijivunia Kiswahili chake cha ofisini. Hata barua zake za kuomba kalamu bohari zilisomeka kama hotuba.

Tatizo lilikuwa Leonard, mpakiaji magunia aliyejitolea kuwa kompyuta kabla hata hajaombwa. Leonard alikuwa Mnyamwezi, Bonifasi Mluguru, kwa hiyo watani. Mtani anaruhusiwa kukukejeli hata msibani kwenu, sembuse kwenye chai.

Wiki ya pili Leonard alimwaga majani ya chai juu ya kifuniko.

"Nimeandika 'kifuniko kiondolewe kwa uangalifu'!"

Leonard alipitisha kidole kwenye mstari wote, taratibu, midomo ikichezacheza, kisha akatikisa kichwa.

"Mashine haijakiona."

Makarani wenzake walicheka hadi wakashika kuta. Bonifasi akaenda kushtaki.

"Ananifanyia utani, mwalimu."

"Mashine haina utani," alijibu Ndugu Yohana. "Ikikosea, umekosea wewe. Usigombane nayo. Andika upya."

Akaandika upya. Alifuta "kuhakikisha", akafuta "kikamilifu", akafuta "uangalifu", na kila neno lilipotoka roho ilimuuma kwelikweli. Jioni alimsomea mkewe toleo la tisa. Modesta aliacha kuchambua mchicha.

"Leo ndiyo nimekuelewa," alisema, "tangu tuoane."

Kufikia wiki ya sita programu ilikuwa na mistari arobaini, kila mmoja maneno mawili. Shika birika. Tia maji. Washa jiko. Bonifasi aliona haya kuweka jina lake chini ya kitu kama kile.

Siku ya mtihani, kompyuta ya kwanza iliunguza maziwa. Ya pili ilisahau sukari. Ya tatu ilimmwagia meneja mapajani. Leonard alisoma, akatenda, akasoma, akatenda, bila kukosea hata mara moja. Meneja alionja, akaomba kikombe cha pili. Ndugu Yohana aliiinua karatasi ya Bonifasi wote waione.

"Hivi ndivyo mashine inavyoandikiwa," alisema. "Huyu ndiye anakwenda Dar."

Bonifasi alimfuata Leonard uani, akampa mkono.

"Mtani, umenitesa wiki sita, lakini nimekushinda. Kila utani wako nimeuzibia tundu."

"Utani gani?" Leonard alishangaa. Alikuwa na haraka, daftari kwapani. "Mimi kisomo cha watu wazima nimeanza juzijuzi tu. Maneno mafupi nayasoma. Yale marefu nilikuwa nayaruka. Niache niwahi darasani, mtani. Leo ndiyo tunaanza marefu."