Bakuli Lililofudikizwa

Mkokoteni wa fundi cherehani Lebbe ulikuwa umekwisha kukata kona, mke na watoto wakiufuata kwa miguu, Somapala alipotoka na wali wa sadaka. Nchi ilikuwa na mwaka mmoja tu wa uhuru. Somapala alikuwa katibu wa chama kidogo cha Wabuddha, na ile karatasi mlangoni kwa Lebbe, "Asiye Mbuddha arudi kwao", aliiandika yeye. Lebbe alikuwa Mwislamu, lakini kwao ni mtaa huohuo. Hata bendera za chama alizishona yeye.

"Kaondoka mwenyewe," Somapala alimwambia mkewe.

"Ndiyo, bwana," Menike akajibu. "Kama kuku anavyokwenda mwenyewe sokoni."

Mtawa mzee akafika pekupeku na bakuli lake, kama kila asubuhi. Somapala akapiga magoti, akainua wali. Alitaka upokelewe leo kuliko siku zote, moyo upate kutulia.

Mtawa akalifudikiza bakuli. Mtaa mzima ulijua maana yake: sadaka ya nyumba hii haipokelewi tena.

"Mtukufu, mimi naitetea dini!"

"Ilikulilia lini, mwanangu?"

Akaenda zake. Somapala akabaki magotini, masikio yakimwaka, na majirani wakafunga madirisha kwa adabu.

Kwenye uchaguzi chama kilipata kura hamsini na tisa, kikafa. Mtawa naye alikufa mwaka uliofuata. Menike alihamia kwa dada yake. Lebbe hakurudi, wala fundi mwingine hakuja. Somapala alizeeka palepale, akijishonea vifungo mwenyewe, kwa nyuzi za rangi isiyolingana.