Mwavuli wa Shekiondo

Tangu Shekiondo aliposahau mwavuli nyumbani akalowa mechi nzima, timu ya mpira wa magongo ya mji wao haikufungwa tena. Baada ya hapo akawa anakuja nao, ila haufungui. Mwanzoni mashabiki wenzake walimcheka.

Leo alikuwa anakohoa tangu asubuhi, na mvua haikuwa ya mchezo. Mkewe, Mboni, alimfuata hadi jukwaani, akauchukua mwavuli, akaufungua na kumfunika. Papo hapo wapinzani wakafunga bao.

Jukwaa zima likageuka kuwatazama.

"Mama, funga huo mwavuli," jirani yao alisema kwa upole.

"Mume wangu anaumwa!"

"Tunajua, mama. Wewe funga tu."

Shekiondo alitaka kusema kitu, kikohozi kikambana. Mkono ukatoka nyuma, ukampokonya Mboni mwavuli, ukaufunga taratibu na kuulaza mapajani mwa mzee.

Uwanjani vijana wao wakaanza kushambulia. Waliomzunguka wakasogeza miavuli yao pembeni, mmoja mmoja, kila mtu akimwambia, "Pole, mzee," mpaka juu yake pakabaki uwazi, na mvua yote ikashukia hapo.